Picha za Magauni pale Igoma

Wazee wenzangu wakikutana huzungumzia presha na miguu. Mimi nikipata wa kunisikiliza huzungumzia picha za sinema za zamani, zile za wanawake wenye magauni yanayofagia sakafu na wanaume wenye kofia ndefu nyeusi kama masufuria yaliyogeuzwa. Watu wanazungumza vizuri tu, mara mmoja anashindwa kumaliza anachosema, anaanza kuimba, na watumishi waliobeba sinia za chai wanaziweka chini na kumwitikia. Hakuna anayeshangaa. Bendi haionekani ilipo, lakini ipo. Ukiniuliza picha gani inafaa mtu aitazame kabla hajafa, nitakutajia hizo, hasa zile za kuchekesha, ambamo maskini anajifanya mwana wa mfalme, mwana wa mfalme anajifanya mpishi, kila mmoja anampenda asiyemjua, na mwishoni wote wanateremka ngazi moja pana wameshikana mikono.

Nasema zinafaa, ingawa mimi mwenyewe nimeshindwa kuitazama hata moja hadi mwisho kwa miaka mingi. Juzijuzi mjukuu wangu aliniwekea moja kwenye simu yake, akijua ninavyozisifu. Ilipofika mahali bibi kizee mmoja aliyejaa mapambo anainua miwani yake yenye kijiti ili amkague mgeni, nilimwambia azime. Alidhani sijaipenda. Sikuwa na jinsi ya kumweleza kwamba nilikuwa naogopa, tena kwa hofu ileile ya zamani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kiwanda nilichokuwa karani wa stoo kilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Kiinua mgongo tulichopata, wenzangu walikinunulia ng'ombe au kujengea chumba cha kupangisha. Mimi nilinunua deki ya video, televisheni na jenereta, nikasimamisha banda la mabati Igoma, kando ya barabara ya Musoma, nikaweka mabenchi. Matangazo ya televisheni yalikuwa bado hayajatufikia, kwa hiyo kwa watu wengi wa pale picha ya kwanza inayotembea waliiona kwangu. Siku za kazi niliwaonyesha vijana ngumi na vita, maana ndizo zilizojaza banda. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, ilikuwa zamu ya picha za magauni. Kanda nilizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye ndugu zake walimtumia kutoka nje. Zilikuwa zimerekodiwa juu ya nyingine mpaka zimechoka. Rangi nyekundu ilivuja, ikatoka kwenye midomo ya wanawake na kuenea usoni mwote.

Watazamaji wangu hawakujua Kiingereza, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Basi nilikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, nikawa natafsiri. Maneno ya kawaida niliyaweza. Nyimbo zilinipita, na nisipopata neno nilitunga langu. Nilipogundua kwamba watu wanapenda ya kutunga kuliko ya kweli, nikaacha hata kujaribu kusikiliza. Yule baba mwenye shamba kubwa la Uingereza nilimpa ng'ombe wa Magu. Binti anayelilia mchumba nilisema amekatazwa kuolewa na mtu wa Mkolani. Mwanaume akipiga goti mbele ya mwanamke, nilisema ameangusha hela chini ya kiti. Banda zima lilikuwa linacheka, nami nilikipenda kicheko kile kama mlevi anavyoipenda chupa. Nilikuwa mtu wa makamo niliyeondolewa kazini, na kwa saa mbili kila Jumapili nilikuwa mtu mkubwa.

Waliokuja walikuwa hasa akina mama. Mafundi cherehani walikaa mbele, wakichora mikono ya magauni kwenye karatasi za kufungia sukari, na ukienda harusini mwezi uliofuata unaiona mikono ileile, imefura mabegani, imevaliwa na matroni kutoka Nyakato. Nilijisikia kama ni mimi niliyeishona.

Na katika benchi la karibu na mlango alikaa mtani wangu.

Alikuwa mjane, umri wake kama wa mama yangu, na ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Mambo ya utani msomaji anayafahamu. Kwao sisi ni wezi wa ng'ombe, kwetu wao ni wachawi, na haya husemwa barabarani mchana kweupe, husemwa hata msibani mbele ya maiti, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa ziwani, wazungu wakawa wanakula nyama ya sangara na sisi tukabakiziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Yeye aliyanunua, akayakaanga kwa mafuta yake yenyewe, akauza nyuma ya banda langu. Alishinda kwenye moshi tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva, yanachuruzika, na alikuwa anayafuta kwa pindo la khanga.

"Shikamoo mchawi," nilikuwa nikimwambia kila asubuhi nikija kufungua.

"Marahaba mwizi. Hawajakufunga tu?"

"Nani anifunge? Polisi si umeshawamaliza?"

"Wana nyama chungu wale. Wewe ndiye nangojea unenepe."

Basi siku imeanza vizuri.

Picha za magauni alizipenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hakuhangaika na mapenzi ya vijana. Alitazama vyumba. Siku moja, watu wametoka, alibaki amekaa akaniuliza, "Hawa wanapikia wapi?"

"Jikoni, kama wewe."

"Mbona hakuna moshi? Nyumba yote ile, watu wote wale wanakula, dari jeupe." Alitikisa kichwa. "Ningekaa pale kwenye ngazi tu. Wala nisingewasumbua."

Kila Jumapili alioga, akavaa gauni lake moja la kanisani, akaja kukaa mlangoni. Sikumtoza kiingilio, mtani huwezi kumtoza, atachukua kiti akaondoka nacho.

Picha ya siku ile sitaisahau. Ilikuwa ya kuchekesha, nzuri sana, kuhusu mtengeneza kofia anayealikwa kwenye jumba la tajiri kwa kudhaniwa ni balozi. Mwenye jumba alikuwa bibi kizee mkali, kichwani manyoya ya mbuni, mkononi miwani ya kijiti. Anapoingia mgeni, anainua miwani na kumwangalia kuanzia viatuni mpaka juu.

"Anamkagua kama ng'ombe wa mnadani," nikasema kwenye kipaza sauti. "Anatafuta palipo na mnofu."

Watu wakacheka. Kamera ikasogea usoni mwa bibi yule, na kwa uchovu wa kanda rangi nyekundu ikavuja yote ikajaa machoni. Nami sikufikiri. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Jamani, macho hayo mnayafahamu? Huyu si mtani wangu kaingia kwenye picha bila tiketi? Mtazameni pale mlangoni, kama bado yupo."

Banda zima likageuka. Mtani wangu hakuwa mtu wa kushindwa. Alisimama, mkono kiunoni.

"Nimeingia ndiyo! Nimekwenda kula wazungu, ninyi mmebaki mifupa kama mapanki!"

Watu walipiga mabenchi kwa kucheka. Ningeishia hapo. Lakini mchezo ulikuwa umenoga, na ni mimi niliyekuwa na kipaza sauti.

"Ukimaliza wazungu?"

"Nakuja kwako, mwizi!"

"Unaanza na wakubwa au watoto?"

"Watoto ndio laini!" akasema, akakaa, akajipangusa macho, na kwenye televisheni watu walianza kuimba.

Nililia kwa kucheka siku ile. Nakumbuka shavu lilivyoniuma.

Nilikulia Usukumani. Siwezi kusema sikujua. Nilijua tangu utoto kwamba kuna vijiji ambako mwanamke akizeeka na macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, watu huanza kuhesabu misiba. Nilijua kwamba wanakuja watu wasiojulikana, wenye mapanga, wamelipwa kwa michango, na asubuhi hakuna aliyesikia kitu. Tulizisikia habari hizo, tukasikitika, tukasema ni mambo ya huko ndani. Igoma nilidhani ni mjini. Kulikuwa na mashine za kusaga, gereji, baa zenye spika, watu wa kila kabila. Sikufikiri kwamba watu wa kila kabila maana yake ni watu wasiojua nani ni mtani wa nani. Nusu ya waliokaa kwenye mabenchi yangu walikuwa wageni wa mwaka ule. Wao walisikia mwenye banda akimwita mwanamke mchawi kwa kipaza sauti, na mwanamke akasimama mbele ya watu akakubali.

Jina lilimshika kuanzia siku ile. Bibi wa Picha. Mwanzoni alilipenda.

Jirani yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana mpole, anatengeneza mageti na vitanda. Alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa akicheza kwenye vipande vya chuma na kumpelekea mtani wangu maji ya kunywa. Masika yalipoanza mtoto akapata homa. Walimpeleka zahanati, akarudi, akacheka kidogo, akapata degedege, akafa.

Tulizika. Mtani wangu alikuja msibani kama wote, akavua ndala, akaenda kukaa mkekani na akina mama. Nilikuwa nimesimama upande wa wanaume nikauona mkeka. Aliyekuwa kushoto kwake alikumbuka jambo, akainuka. Aliyekuwa kulia akamfuata kumsaidia. Wengine wakajisogeza, kila mmoja kidogo, bila kumtazama, mpaka akabaki amekaa peke yake, na nafasi pande zote ambayo ingetosha watu wanne. Alitandaza khanga magotini na kuinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Wiki ile hakuuza. Nilimkuta jioni amekaa mbele ya karai, mapanki yamejaa mpaka juu, mafuta yameganda.

"Shikamoo mchawi," nikasema, kwa mazoea, na kwa kutaka mambo yawe kama yalivyokuwa.

"Marahaba." Alijipangusa macho. "Leo watoto wa shule wamepita. Huwa wananisalimia. Wamekimbia, mmoja ameacha kiatu."

"Watoto."

"Ndiyo. Watoto." Akakiangalia kiatu kilichokuwa kando ya mawe ya jiko. "Mwizi, uwaambie watu kwamba ni utani."

"Nitawaambia Jumapili."

Jumapili ilipofika nilizima deki picha ikiwa haijaanza, nikashika kipaza sauti. Banda lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Nadhani walikuja kumwangalia yeye, lakini hakuwepo. Nikasema, "Ndugu zangu, yule mama wa mapanki ni mtani wangu. Yale tuliyosema siku ile ni utani wa kwetu. Huyu mama hana uchawi wowote."

Halafu mtu wa nyuma akacheka. Akacheka na wa pili.

"Amekuloga na wewe?" sauti ikauliza, na banda zima likaangua kicheko.

"Nasema kweli. Sicheki."

Walizidi kucheka. Sauti yangu ya kusema kweli ilikuwa ileile niliyotumia kusema kwamba mfalme wa Uingereza anadaiwa pumba. Kila nilivyokaza uso ndivyo walivyoshika mbavu. Mwanamke mmoja aliniambia, machozi yakimtoka, "Baba we, utatuua!" Nilikuwa nimewazoesha. Kwa muda wote ule nilikuwa nimewafundisha kwamba nikishika kile chuma hakuna neno langu la kuaminiwa. Nikatazama nyuso zao, watu niliowapenda, nikaona wengine wachache hawacheki kabisa. Hao ndio walionitisha. Niliwasha picha. Sikutafsiri. Baada ya muda wakaanza kulalamika, nikatafsiri.

Siku chache baadaye, mchana, fundi alikuja bandani. Hakukaa. Alikuwa bado na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Kaka, yule bibi ni wa kwenu?"

"Mtani wangu. Unajua."

"Mimi najua." Alifunga mlango wa bati nyuma yake. "Ndugu zangu wamekuja kutoka kijijini. Wamekwenda kwa mganga. Mimi sikwenda. Mganga amesema aliyemla mtoto ni mwanamke mwenye macho mekundu, anakaa karibu na mahali penye kelele kila siku."

Jenereta langu lilikuwa linaunguruma nyuma ya ukuta. Tulilisikiliza wote wawili.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi mtoto wangu amekufa kwa homa. Daktari aliniambia, na nilimwona mwenyewe." Alisugua viganja vyake vyeusi. "Lakini nimeombwa mchango. Unaelewa? Nimekataa, wakasema basi watachanga wao. Mtoe, kaka. Usiulize lini. Mtoe."

"Twende wote polisi."

"Nikawataje kaka zangu?" Alinitazama kama mtu anayemwangalia mtoto. "Halafu watakuuliza nani alianza kusema. Utawajibu nini?"

Akashusha miwani machoni, akatoka. Na mimi nakiri kwamba jambo la kwanza nililofikiri halikumhusu mtani wangu. Nilifikiri: nikimtoa, watajua kwamba mimi ndiye niliyemficha. Nilikaa pale kwenye benchi la mafundi cherehani, nikaogopa kwa ajili yangu, kwa muda mrefu, kabla sijaanza kuogopa kwa ajili yake.

Nilimweleza mke wangu. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchele.

"Nilikwambia siku ile," akasema.

"Hukuniambia. Ulicheka."

"Basi nilicheka." Akaacha mchele. "Ana binti yake kule Sengerema. Mpeleke kwa binti yake. Asubuhi, watu wakiwa wengi, kama mtu anayesafiri. Ukimtoa kwa kujificha watasema amekimbia."

Mtani wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa anapanga mapanki juu ya wavu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Niende nikawaachie karai?"

"Karai nitakuletea."

"Na nani atakaa mlangoni Jumapili?"

"Mtani, wanachanga."

Neno lile alilifahamu kuliko mimi. Aliangalia mikono yake, akaifuta, akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani, na furushi moja.

Tulipanda pikapu ya mizigo inayokwenda kivukoni Kigongo. Nilimkalisha nyuma, katikati ya magunia ya mihogo, amejitanda kitenge hadi usoni. Abiria wengine walikuwa akina mama wa sokoni, mzee mmoja na baiskeli yake, na msichana mwenye mtoto mgongoni. Tulipita Mkolani bila mtu kusema neno. Nilianza kupumua. Nilihesabu moyoni vituo vilivyobaki.

Pale Usagara, njia zinapogawanyika, gari lilisimama ili dereva anywe chai. Wachuuzi wakatuzunguka na mahindi ya kuchoma. Kijana mmoja aliyebeba karanga alimwangalia mtani wangu, akainama kumwona vizuri chini ya kitenge, uso wake ukajaa furaha. Alikuwa mteja wangu. Alikuwa akija Igoma kila Jumapili.

"Bibi wa Picha! Mchawi wetu!" akapaza sauti. "Shikamoo! Vipi, leo unakwenda kula wapi? Bado watoto ndio laini?"

Alisema kwa upendo kabisa. Alikuwa anatabasamu, anangojea ajibiwe.

Mahindi yalisimama hewani. Msichana alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akamleta mbele, akamfunika kichwa kwa mkono. Mzee akashuka na kusimama kando ya baiskeli yake. Mtu mmoja akauliza, "Mchawi yupi?" na mwingine akasema, "Mtazame macho." Dereva akaja, glasi ya chai mkononi.

"Kuna nini hapa?"

"Huyu mama inasemekana anakula watoto," akajibu mama mmoja wa sokoni, akisogea mbali.

Kijana wa karanga alishtuka. "Aah, ni mambo ya kwenye video, jamani. Yule pale ndiye mwenye video," akanionyesha kidole. "Mwulizeni. Yeye ndiye anayemwita hivyo."

Wote wakanigeukia. Ingawa nilikuwa nimezoea kugeukiwa na watu, sikuwahi kutazamwa hivyo. Dereva akasema, "Mama, hebu shuka kwanza." Kulikuwa na vijana wa kituoni wanasogea, kumi, labda zaidi, bado hawajajua wanasogelea nini. Nilijua kwamba akishuka, hatapanda tena.

Nilitafuta maneno. Nilitaka kueleza utani, koo, mababu. Nikaukumbuka ule mkeka, nikaikumbuka sauti yangu kwenye kipaza sauti, na jinsi maelezo yangu yalivyowachekesha watu. Mtani hawezi kumtetea mtani. Kila atakachosema ni utani.

"Hatashuka," nikasema. "Huyu ni mama yangu."

"Mama yako?"

"Mama yangu mzazi. Amenizaa. Anaumwa macho, nampeleka kwa dada yangu Sengerema."

"Na huyu kijana?"

"Huyu kijana amenifananisha. Sina video. Mimi ni karani."

Kijana wa karanga alifungua mdomo. Nilimwangalia. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliufunga, akaangalia karanga zake, akarudi nyuma.

Dereva alimwuliza yeye mwenyewe, taratibu, "Mama, huyu ni mwanao?"

Kwetu mtu hawezi kuwa mama yako na mtani wako pia. Alijua kwamba namwomba aukate utani wetu.

"Ndiyo," akasema. "Ni wa kwanza."

Wakatuacha. Msichana mwenye mtoto hakupanda tena. Alisema atasubiri gari jingine. Kutoka pale hadi kivukoni hakuna aliyekaa karibu nasi. Kwenye kivuko alishika chuma cha pembeni akatazama maji, nami nikasimama nyuma yake kama mlinzi, nikiogopa kila mtu aliyekohoa. Nilimkabidhi kwa binti yake siku hiyohiyo.

Siku chache baadaye, niliporudi asubuhi kulichukua lile karai, nilikuta mlango wa chumba chake umevunjwa. Hapakuwa na kilichoibwa. Godoro lilikuwa limekatwa upande wa kichwani, mapigo marefu, yaliyopita hadi kwenye kamba za kitanda. Majirani hawakuwa wamesikia kitu. Waliniuliza tu, kwa sauti za kawaida, kama najua alikokwenda.

Nililiuza banda kabla ya kiangazi. Aliyelinunua aliendelea na ngumi na vita, akaacha magauni, na sikumlaumu. Katika zile picha uongo unaosemwa mwanzoni huondolewa mwishoni kwa wimbo. Yule mtengeneza kofia anasimama kwenye ngazi, anaimba kwamba yeye si balozi, na watu wote, hata yule bibi mkali, wanamsamehe na kucheza naye. Nadhani niliziona mara nyingi mno.

Ilipita miaka miwili ndipo nilipothubutu kuvuka kwenda kumwona. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya binti yake, anachambua maharage. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya jua, mikubwa, kama ya vijana. Binti alinieleza kwamba haivui mbele ya watu, hata kanisani. Kupika walimkataza.

Nilisimama mbele yake, na neno la zamani likanijia mdomoni, maana ndilo salamu yetu na sikuwa na nyingine. Nikalimeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Tumshukuru Mungu."

Tulizungumza hivyo, kama watu waliokutana kliniki. Jirani alipopita akauliza mgeni ni nani, alijibu haraka, "Mwanangu mkubwa, yuko Mwanza." Nilikaa mpaka chakula. Nilimweleza kwamba siku hizi televisheni ipo, na kwamba binti akinunua ataweza kutazama zile nyumba. Akasema macho yake hayapendi mwanga.

Jioni alinisindikiza hadi njia kuu. Hapakuwa na mtu, mihogo tu pande zote. Nikapunguza mwendo. Nilitumaini kwamba sasa, tukiwa wawili, atanigeukia aniite mwizi, aniulize kama bado sijafungwa, nami nijibu, hata kwa kunong'ona. Nilitamani anitukane kuliko nilivyowahi kutamani kusamehewa. Aliendelea kutembea. Kwa mbali ilisikika kengele ya baiskeli, akasimama palepale, akajitanda khanga vizuri, akashika mkono wangu kwa nguvu.

"Simama wima," akasema kwa sauti ya chini. "Onekana kama mwanangu."

Mwenye baiskeli alitufikia, akatusalimia, akapita. Mtani wangu hakuuachia mkono wangu mpaka yule mtu alipopotea kabisa kwenye kona.